Imla ya Mwalimu Kasimiri

Mume wangu Kasimiri alikuwa Mnyamwezi mpaka kwenye ulimi. Kila r kwake iligeuka l: "ng'ombe wameludi", "lete balua". Ubaoni aliandika sawasawa, na watoto wa shule yetu ya serikali, huku nje ya Lusu, walishazoea kuandika r pale yeye aliposema l. Mwaka 1951 mkaguzi, Bwana Shomari, mtu wa Tanga, alimsikia. Akamwambia, "Mwakani nikikuta hujajirekebisha, huna kazi."

Jamani, mwaka ule nilikoma! Mtu anatafuna ugali huku anasema radi, rangi, ruhusa. Nikamfokea: "Baba Modest, utapata kichaa!" Moyoni nilitetemeka kuliko yeye. Mshahara ule ndio uliotuvika.

Mwaka uliofuata, siku ya mtihani wa darasa la nne, nilijibanza dirishani. Anayeshindwa imla haendi shule ya kati, anabaki kuchunga. Bwana Shomari alikuwa chumba cha pili akikagua madaftari, kwa hiyo Kasimiri akasoma imla mwenyewe. Kwanza akawaambia watoto, "Leo andikeni kama ninavyotamka." Lo! Hofu ikampanda, r ikaingia kila mahali: "Mgeni amerara. Watoto wanakura wari." Nikaziba mdomo wangu kwa kanga. Watoto, masikini, wakatii, wakaandika vilevile.

Mkaguzi akarudi, akapekua karatasi, akanuna.

"Amerara? Darasa zima? Wewe Mwalimu umejirekebisha, asubuhi nilikusikia mwenyewe. Lakini hawa ni wazembe. Hapa haendi hata mmoja."

Kasimiri akanitazama pale dirishani. Nikamtikisia kichwa: nyamaza, mwanamume, nyamaza!

"Hapana, bwana," akasema. "Wameandika nilichosema mimi. Tafadhali wasomee wewe."

Bwana Shomari akaichukua imla, akaisoma upya, na watoto tisa wakafaulu. Kasimiri aliachishwa kazi mwezi uleule.

Nilimnunia siku tatu, simpi hata salamu. Watu walikuja kumshukuru na kuku mkononi, mimi nikajifungia jikoni. Siku ya nne, tukipanda mahindi, akaniuliza kama bado nina hasira. Nikamwambia kweli tupu: ningekuwa mimi, ningenyamaza. Ndipo nikaanza kulia.