Jasho la Ndila Lilikuwa Kooni

Ukimpigia Ndila simu, utaombea asishike haraka. Kabla hajashika utamsikia akiimba. Ni sauti yake ya zamani, inayoanza nene kama moshi unaotoka jikoni, na ikifika juu ya paa inakuwa uzi. Unafumba macho. Unasahau hata ulichotaka kumwambia. Halafu wimbo unakatika, Ndila ameshika, na unachosikia ni mnong'ono tu, kama mtu anayepita kwenye mahindi makavu.

"Ni nani?"

Sauti mbili za mtu mmoja, na kati yake mlango unafungwa.

Ndila ni mke wa marehemu Kiema, na shamba lake liko kwenye mteremko unaotazamana na soko la Kasikeu. Tuliolewa upande huu mwaka ule ule, yeye akitoka Migwani, mimi nikitoka hapa hapa karibu, kwa hiyo nilimcheka alivyotamka maneno na yeye akanicheka nilivyobeba maji. Tumezeeka pamoja. Wasichana wa siku hizi wanaona bibi kizee mfupi mwenye kitambaa shingoni na kupita bila kuangalia nyuma. Hawajui nani aliyeshika hii milima isiende baharini.

Maana milima hii ilikuwa inakwenda. Kila mvua ilibeba udongo, na asubuhi ungeona mawe yamekaa nje kama meno. Ndipo wanawake tukaungana katika mwethya, kundi la kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tukichimba mitaro ya fanya juu: unachimba, na udongo unautupa upande wa juu uwe ukingo. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Haiwezekani bila wimbo, na wimbo hauwezekani bila ngui, yule anayeanzisha na wengine wakaitikia. Ngui hashiki jembe. Anatembea mbele ya mstari, huku na huku, anaimba, anataja wavivu kwa majina, anasifu waliotangulia. Yeye ndiye anayejua lini jembe lipande na lini lishuke. Hakuna aliyewahi kusema ngui halimi. Tulisema jasho lake liko kooni.

Ndila alikuwa ngui wetu tangu tukiwa na watoto mgongoni. Aliimba, "Mlima unashuka na maji, nani ataushika?" Nasi tukaitikia, "Ni sisi, ni sisi," na majembe yote yakaingia ardhini pamoja. Alikuwa anaimba kwa Kikamba, lakini hiyo ndiyo maana yake.

Kisha ukaja uvimbe wa koo. Hospitalini walimpasua, wakamtoa uvimbe, wakamrudishia uhai, lakini sauti haikurudi. Mwenyewe alinong'ona, "Nimetoka mlangoni, wimbo umebaki ndani."

Wimbo wenyewe ulikuwa umebaki mahali pengine kabisa. Miaka ya nyuma Munyao, aliyekuwa na studio ndogo pale Sultan Hamud, alitujia shambani na mashine yake akatunasa tukiimba. Kabla hajafa aliuingiza wimbo huo kwenye zile nyimbo za simu, ambazo anayekupigia huzisikia badala ya mlio. Watu huziita skiza. Alipokufa studio ilifungwa na kanda zake hakuna ajuaye zilikokwenda.

Ndila alipopata habari kwamba wimbo wake unauzwa kwenye simu, akaununua. Akabonyeza namba alizoambiwa, akajibiwa kwamba umekuwa wake. Akangoja. Akaiweka simu mezani, akaiangalia. Akaiweka sikioni. Akaichaji, akidhani ina njaa. Kimya.

Siku moja nilimpigia kumuuliza habari ya matanga fulani, na masikioni mwangu likafunguka lile koo. Nilikaa chini papo hapo, kwenye mawe ya jiko. Sikungoja ashike. Nilitupa leso begani nikaenda kwake mbio, mimi na magoti yangu haya.

"Ndila! Unaimba ndani ya simu yangu!"

"Aiya! Kumbe wimbo ndiko ulikokwenda?" akanong'ona kwa hasira. "Nimeununua mimi, unausikia wewe?"

Ndivyo ilivyo. Wimbo ule humchezea mgeni mlangoni. Mwenye nyumba hausikii. Nikaipigia simu yake kwa yangu, nikamwekea yangu sikioni. Alikaa kwenye kigoda, simu moja ikitetemeka juu ya mapaja yake kama kifaranga, na nyingine sikioni. Kulikuwa na jua la saa kumi, lile la manjano linaloingia jikoni na vumbi likielea ndani yake. Sikumwona akilia. Aliinamisha kichwa tu, na midomo ikawa inafuata maneno bila kutoa kitu. Ilipokatika akanirudishia simu.

"Huyu msichana," akasema, "alikuwa hapumui vizuri."

Ngui ni ngui. Lakini kila nilipokwenda kwake baada ya hapo, aliniomba simu.

Mwezi wa kumi kundi lilikutana kupanga kazi kabla ya mvua. Mwenyekiti wetu ni Mwongeli, mwanamke mrefu, mwenye mdomo usio na breki. Akatangaza kwamba zamu ni ya Ndila, na wote tuliona sababu. Korongo lililoanzia chini ya shamba lake lilikuwa limepanda mvua baada ya mvua, na sasa lilikuwa limefika karibu na kaburi la Kiema. Mvua moja nzuri, na mzee angesafiri.

Ndila akasimama. Akatikisa kichwa.

"Sitaki," akanong'ona, na ikabidi nirudie kwa sauti ili wengine wasikie. "Sijalima kwa mtu tangu nipasuliwe. Siimbi, siinui jembe. Mtu asiyetoa jasho kwa wenzake hatolewi jasho."

"Ndila, wacha kiburi," Mwongeli akasema. "Wewe utakaa kivulini, sisi tutachimba. Utatuangalia tu."

"Kukaa kivulini ni kwa wageni. Nimekuwa mgeni wenu?"

"Umekuwa mgonjwa!"

"Basi niandikie dawa, daktari."

Watu wakacheka, lakini Mwongeli hakucheka, na Ndila alibeba kigoda chake akaenda. Nilimfuata.  Tulipofika kwenye korongo alisimama ukingoni, akateremsha kijiwe kwa mguu, tukakisikiliza kikienda mpaka chini.

"Sauti yangu iko kwenye simu," akasema. "Watu wanaisikia wakikaa bure. Kwa nini isifanye kazi? Itolewe huko, iwekwe kwenye redio. Hapo nitakuwa nimelima."

Kesho yake tukaenda sokoni kwa Haroun. Haroun alikuja kutoka Mwingi, baba yake alikuwa na duka la nguo huko, na yeye hapa Kasikeu anatengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, zile kadi ndogo kama ukucha ambazo hata redio za wachungaji huzimeza siku hizi. Mtu mzima, mpole, anayezungumza Kiswahili cha kunyoosha.

"Shikamoo mama zangu. Niwasaidieje?"

Ndila akampa simu na redio yake ndogo. "Toa huu wimbo humu, utie humu."

Haroun akaifungua simu, akaitazama, akatabasamu. "Mama, wimbo haumo ndani ya simu hii."

"Nimeununua."

"Umeununua, ndiyo. Lakini unakaa kwenye mitambo ya kampuni, huko mbali. Mtu akikupigia, wanamchezea huko huko. Hapa kwako haujawahi kufika hata siku moja."

Ndila akaniangalia kana kwamba ni mimi niliyeuzuia njiani.

"Lakini," Haroun akasema, "ukipita hewani tunaweza kuunasa."

Akachukua simu yake, akaiunganisha na kompyuta kwa waya. Posho mill, mashine ya unga ya jirani, ilikuwa inanguruma, tukangoja mpaka gunia la mwisho lishuke. Kisha akampigia Ndila. Simu ya Ndila ikalia mkononi mwake, naye akaishika.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama, niko hapa mbele yako," Haroun akasema. "Usishike!"

"Imelia."

"Iache ilie."

"Mtu akilia mlangoni mwako unamwacha?"

Ikabidi nimnyang'anye simu nikaikalia. Haroun akapiga tena. Na pale dukani, katikati ya vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba, Ndila akaanza kuimba kutoka spika za kompyuta. Mtu aliyekuwa anapita na mbuzi akasimama. Mwenye posho mill akachungulia, mweupe kwa unga kutoka nywele mpaka kope. Sauti ilikuwa imefifia, kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi, lakini ilikuwa yeye.

Kilichonaswa kilikuwa kipande tu, ubeti mmoja na kuitikia kwake, maana simu haimngoji mtu milele. Haroun akakitia kwenye kadi, kadi kwenye redio. Redio ikawaka taa na kunyamaza.

"Imekataa," nikasema.

"Haijakataa. Sauti nimeinasa kwa namna ambayo kompyuta inaielewa, redio haielewi. Hii redio inajua MP3 tu. Ni kama wewe mama uandikiwe barua kwa Kiarabu. Maneno ni mazuri, lakini nani atakusomea?" Akabonyeza, akangoja, akaigeuza. Mara hii redio ikaimba, na ubeti ulipokwisha ukajirudia wenyewe, tena na tena. Ndila aliifungia kwenye leso, akaibeba kifuani njia yote.

Siku ya kazi kulikuwa na ukungu wa vumbi, milima ya mbali ikielea kama imekatwa miguu. Wanawake walikuja wote na majembe na mabeleshi. Ndila alikuwa ameitundika redio shingoni kwa kamba, juu ya kile kitambaa chake. Mwongeli alimtazama, akasema, "Haya, ngui wa betri. Tuone."

Ndila akabonyeza.

"Mlima unashuka na maji, nani ataushika?"

Sijui nieleze vipi. Wanaoitikia ndani ya redio ni sisi wenyewe, zamani zile. Nilijisikia humo, nikiwa na meno yote. Nikamsikia Kalunde, ambaye tulimzika mwaka wa ukame, akivuta neno la mwisho kama alivyokuwa anavuta. Walio hai na walio chini ya udongo wakasema pamoja, "Ni sisi, ni sisi," na majembe yakaingia.

Lakini haikuchukua muda. Wale wa ndani ya redio walikuwa vijana. Kabla hatujainua jembe vizuri, wameshaitikia, wameshaanza tena. Tukawakimbiza kama mtu anayekimbiza basi. Mstari ukapinda, mmoja akakaa chini, mwingine akashika kiuno. Mwongeli akatupa jembe.

"Ndila! Huyo msichana wako anataka kutuua! Sisi tulikuwa na magoti wakati huo!" Akajifuta uso. "Zima, dada. Tutachimba kimya. Wewe nenda ukae."

 Ndila alikuwa amesimama mbele ya mstari, kidole juu ya kile kitufe. Aliangalia kivuli cha mti, palipokuwa pamewekwa kiti tayari, na mtu mwema alikuwa hata amekitandikia leso. Kisha akainua mkono, ule mkono wa zamani, kiganja juu. Tuliujua. Tukainua majembe bila kuambiwa.

Akabonyeza. "Mlima unashuka na maji, nani ataushika?" Na papo hapo akabonyeza tena. Redio ikanyamaza. Ndila akawa anatungoja sisi.

"Ni sisi, ni sisi," tukaitikia kwa sauti zetu hizi za sasa, na majembe yakashuka, yote, pamoja. Alituangalia vifua. Hakuharakisha. Tulipokuwa tumeinama, tunavuta pumzi, ndipo akabonyeza, na wale wa zamani wakaitikia mahali petu, "Ni sisi, ni sisi," sisi tukipumzisha koo na kurusha udongo juu. Halafu akawaacha waanze ubeti mpya, na akauzima tena ulipofika kwetu.

Hivyo. Mara yetu, mara yao. Sisi tunashusha jembe, wao wanatubebea pumzi. Ndila alitembea huku na huku kwenye ule mteremko, akipanda na kushuka mstari, kidole kwenye kitufe, macho kwenye migongo yetu. Mtu akichoka aliongeza kimya kidogo. Mtu akizembea alimsogelea, akamwekea redio sikioni, na watu wakacheka mpaka majembe yakatetemeka. Jua lilipanda, ukungu ukaondoka, mtaro ukaenda ukipinda na mlima kama mkanda kiunoni, ukapita upande wa juu wa kaburi la Kiema na kulifunga korongo mdomo. Sikumbuki kuchoka. Nakumbuka tu kwamba kwa muda mrefu sikujua ni sauti gani ilikuwa ya nani.

Tulipomaliza, Ndila alikuwa amelowa. Kile kitambaa cha shingoni kilikuwa kimegandana na ngozi. Mwongeli akamwendea, akakivuta kwa vidole viwili, akakikamua, na matone yakaanguka kwenye udongo mpya mbele ya watu wote.

"Mmeona?" akasema. "Amelima huyu. Asije mtu akaniambia vingine." Kisha akageuka, akanielekezea kidole. "Wiki ijayo ni kwako, mama Musyoka. Na redio ichajiwe mapema, umesikia? Mwenye shamba ndiye anayechaji."

"Nitaichaji," nikasema.

Ndila akanivuta mkono, akaninong'oneza sikioni.

"Na unipikie. Redio haili, lakini mimi nakula."