Koti la Baba Lililopinduliwa

Juzi nilikuwa kituo cha Kwa Mathias nikisubiri basi, umeme umekatika, na fundi cherehani mmoja kibarazani ananyoosha suruali kwa pasi ya mkaa. Alinyunyiza maji, akaiweka pasi, mvuke ukapanda mpaka niliposimama. Harufu ya sufu iliyolowa na moshi wa mkaa! Wenzangu walifinya pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka mwisho, maana hiyo ndiyo harufu ya koti la baba yangu, na nyinyi sitawaficha: sijaona koti jingine lililotutia matatani na kutupa heshima ndani ya wiki moja.

Tuliishi Tangini, miaka ya mwanzo ya themanini. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Nguo wakati ule zilikuwa kama maziwa ya kuku. Duka la ushirika likipata vitenge, kinamama walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyechoka kusimama aliacha tofali au kopo limshikie nafasi. Koti la baba, alilolishonesha alipomaliza chuo cha ualimu, lilikuwa la sufu ya bluu iliyokolea, lakini jua lilikuwa limelila mabegani mpaka likawa na rangi ya majivu. Na dada yangu Naomi alikuwa anaolewa Kisarawe.

“Nimsindikize mwanangu kanisani nimevaa gunia?” baba alimlalamikia mama.

Mama alituma salamu kwa shangazi Tabitha, dada yake baba, aliyekuwa akishona nguo huko huko Kisarawe. Shangazi akafika na cherehani yake ndogo ya mkono, ameifunga kwa khanga na kuipakata, hata ndani ya basi walimpisha kiti wakidhani ana mtoto mgonjwa. Kabla hajanywa maji alilitaka koti. Akapapasa mabega, akachungulia ndani ya mkono.

“Kaka, hili halijazeeka,” alisema. “Limechoka upande mmoja tu. Tunalipindua, ndani kuwe nje.”

Tulikaa mkekani, yeye na wembe, mimi na vidole vyangu. Alifumua mshono mmoja baada ya mwingine, nami nikavuta nyuzi; zile zilizotoka nzima nilizizungushia kwenye gunzi la hindi, zitumike tena. Bitana ilipotoka nilipiga kelele. Ndani, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, sufu ilikuwa bado bluu kabisa, kama imetoka dukani asubuhi ile.

“Nguo haifi,” shangazi alisema, “inahama kazi.” Na kweli siku zile kila kitu nyumbani kwetu kilihama. Bitana iliyochanika ikawa foronya, na shuka kuukuu ikawa bitana mpya. Sketi za shule zilizopauka zikawa mfuko wa kwendea sokoni. Vipande visivyofaa kitu vilisokotwa vikawa tambi za kibatari. Pazia la sebuleni, lenye maua makubwa ya njano, likawa gauni langu la kuvaa kwenye harusi ya dada.

Nililia. “Shangazi, kila aliyewahi kuja kwetu atanijua!”

“Vizuri,” alijibu, akiuma uzi. “Hutapotea.”

Jumapili iliyotangulia harusi, baba alilivaa koti kwenda kanisani. Alitembea kama barabara yote ya Morogoro imejengwa kwa ajili yake. Watu waligeuka. Wengine walinong’ona, na mimi nikadhani wanasifu.

Jumanne jioni tukasikia hodi. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shomari, na nyuma yake mgambo wawili. Siku hizo walanguzi walikuwa wakisakwa, na aliyekutwa na nguo mpya alitakiwa aeleze kaipata wapi.

“Mwalimu, mimi na wewe ni majirani,” alisema balozi kwa shida, huku akiangalia miguu yake. “Lakini watu wanasema. Koti jipya, katika hali hii? Nimeagizwa nilichukue, na wewe ufike kituoni kesho ukajieleze.”

Mama akashika mdomo. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Baba alisimama wima. “Koti ni langu,” alisema, basi. Neno moja tu lingemwokoa, “kuukuu,” lakini halikumtoka. Koti lilikuwa limempa Jumapili moja ya kutembea kifua mbele, naye hakuwa tayari kuirudisha.

Shangazi alitoka jikoni, mikono imejaa machicha ya nazi. Akajifuta, akaingia ndani, akarudi na koti.

“Shikamoo, Mzee Shomari. Hebu niambie, umeona wapi mwanamume ana mfuko wa kifuani upande wa kulia?”

Balozi alikodoa macho.

“Na tundu za vifungo, pitisha kidole hapa. Zile za zamani nimeziziba.” Kisha akafumua mshono wa bitana palepale, kiasi cha kiganja, akamwonyesha majivu yote ya jua yaliyojificha ndani. “Hili ndilo koti ulilolijua miaka yote. Nimeligeuza tu.”

Mzee Shomari alipapasa nje, akapapasa ndani, akarudia. Halafu alianza kucheka, kwanza mabega, kisha mwili mzima, mpaka kofia ikamdondoka. Mgambo nao wakacheka. Nikamtazama baba kwa hofu. Alikuwa amekunja uso, lakini midomo ikamsaliti; naye akacheka mpaka akatafuta kiti.

Kesho yake asubuhi, baada ya kwenda mwenyewe kituoni kueleza, balozi alirudi peke yake, na koti lake mwenyewe limefungwa gazetini. Kufika mchana kinamama walikuwa wamejaa barazani na mafurushi. Shangazi aliwafundisha kufumua bila kutoboa, na nusura achelewe harusi. Huko Kisarawe, jirani mmoja alilitambua pazia, akaniita kwa sauti. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe alitaka nigeuke aone mshono wa kiuno.

Wakati ule niliona tumefanya vile kwa sababu ya shida, na niliapa nikikua nitanunua vipya tu. Mitumba ikaja, nguo zikawa rahisi, tukaacha kushona hata kifungo. Sikuwaza pamba inakunywa maji kiasi gani, wala rangi zinamwagwa mto gani, wala shati linalotupwa linakwenda kulala wapi.

Mwaka jana tulichimba msingi wa choo pale nyumbani kwa wazazi, na jembe likaangukia shimo letu la taka la zamani. Udongo ulitoka mweusi, laini, una minyoo. Fundi aliuchukua kiganjani.

“Mama, una hakika hapa palikuwa jalala?” aliniuliza. “Jana kwa jirani yako tumevuta matambara ya nailoni mpaka mikono ikauma.”

Nguo za familia nzima, pamba na sufu tupu, zilichakaa zikaozea pale, na ardhi haikuwa na la kutulalamikia. Nikamwambia udongo ule asiumwage. Tuliupandia mipapai.