Shangazi Niliyemweka Kitabuni

Nilikuwa Makambako, nasahihisha madaftari ya wanafunzi, shangazi aliponipigia simu. Kwa kawaida huanza na "Kamwene," kisha huuliza habari za mvua, za kazi, na za tumbo langu. Safari hii alisema, "Nimesoma kitabu chako. Jumamosi uje Njombe," akakata. Niliacha kusahihisha.

Kosa langu nililijua kabla hajalitaja. Katika kitabu changu cha kwanza cha hadithi nilimwandika mwanamke, mzee wa kanisa, ambaye kila mwaka kabla ya kupanda mahindi huenda kwenye makaburi ya wazazi wake, akanyunyiza unga wa ulezi, akamimina ulanzi, pombe ya mianzi, chini na kuongea nao. Nilibadilisha jina na kijiji, nikajiona mjanja. Lakini niliuacha mguu wa kushoto anaouburuta, kikombe chenye ukingo wa bluu, na makaburi mawili kando ya mianzi. Usharika mzima ungemtambua kabla ya kufika ukurasa wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu wa safari hii nilikuwa mimi.

Kwa nini niliandika? Kwa sababu mjini watu waliniuliza mila zetu ziko wapi, nami niliona aibu kusema kwamba kwetu ni kwaya na viazi. Ndipo nikaikumbuka asubuhi moja, nina miaka tisa, nilipojificha kwenye mianzi nikamwona. Nilikuwa mbali, sikusikia alichosema. Maneno nikayatunga mwenyewe: nikamfanya awalilie mababu waturudishie mvua na ardhi iliyoporwa. Wasomaji walifurahi kweli. Mchapishaji akaweka kinyago kwenye jalada, ingawa mimi Njombe sijawahi kuona kinyago zaidi ya sura yangu nikiamka na baridi.

Siku zile kabla ya Jumamosi niliogopa vibaya mno. Mzee wa kanisa akijulikana kwamba anatambika, hutengwa: anavuliwa uzee, anazuiwa meza ya Bwana hadi atubu mbele ya watu. Shangazi hana mume wala mtoto. Ana mimi, shamba, na kanisa.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi, nje ukungu haujainuka. Kitabu kilikuwa mezani, amekivika gazeti kama daftari la shule. Nilipiga magoti kumwamkia na sikuthubutu kuinuka.

"Baraza la wazee liliniita Jumatano," alisema. "Wakaniuliza kama huyu ni mimi."

"Si ungekataa, shangazi? Ni hadithi tu! Ni ya kutunga!"

Aliacha kumenya. "Nimkatae baba yangu?"

Nilimwuliza wamemfanyaje, ingawa nilijua. Akasema wamemtenga, kwa sauti ileile ambayo angesema mbuzi amekula maharage.

"Hilo nimelimeza," akaendelea. "Ila hapa umenisingizia." Akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja. "Mvua gani niliomba mimi? Mvua namwomba Mungu. Mwaka ule ulikuwa umelazwa na homa ya uti wa mgongo, daktari akatuambia tujiandae. Ukapona. Nilikwenda kuwaambia babu na bibi yako kwamba umerudi nyumbani. Nilikutaja jina mara tatu."

Nilitamani anipige.

"Simama, uchochee moto," alisema. "Kesho tunakwenda ibadani."

Nilimsihi tubaki nyumbani. Alicheka kidogo, akaniuliza tangu lini mwandishi anaogopa wasomaji.

Jumapili alipita mbele ya benchi la wazee alilokalia miaka ishirini, akiburuta mguu, akaenda kukaa nyuma kabisa. Nilimfuata. Ilikuwa siku ya Chakula cha Bwana, na watu wakaanza kusimama mstari kwa mstari. Zamu ya benchi letu ilipofika, shangazi alivuta miguu yake pembeni ili nipite.

"Nenda," alininong'oneza. "Wewe hujatengwa."

Miguu iligoma. Kanisa zima liligeuka kututazama, naye akanisukuma kwa kiwiko, akarudia, "Nenda, mwanangu."