Mkasi wa Muuza Fimbo za Kuvulia

Muuza vifaa vya uvuvi hakuuzii kigurudumu cha mshipi kabla hajakizungusha na kukizuia kwa kidole gumba, sikio kaliinamisha kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha anatafuta fimbo ya kulingana nacho, anaipinda, anatikisa kichwa. "Hii ngumu mno, mwanangu. Samaki mkubwa akivuta, yenyewe haipindi. Utakwenda wewe." Nikacheka, nikajizungushia mshipi kiganjani kupima nguvu yake. Uso ukamsawijika. Kufumba na kufumbua alishaukata kwa mkasi, mshipi mpya kabisa. "Mkononi hapana," alinong'ona, macho kwenye dirisha linalotazama ziwa. Akauweka mkasi mezani, akanisogezea fimbo nyingine. Nilinunua fimbo laini. Iko nyuma ya mlango wangu, haijaonja maji.