Bakuli Tupu la Kupoozea

Harufu ya kitunguu saumu kilichokaangwa ilinisimamisha mlangoni. Mkahawa wa yule bibi Mkambodia, hapa Beltsville, Marekani, kumbe bado upo.

Kila Jumamosi Baba alikuwa akinipakia kwenye gari lake la kusambaza mikate, tukazunguka vijimji hivi tangu alfajiri. Chai yetu ya asubuhi tuliipata hapa, nayo haikuwa chai: ulikuwa uji wa mchele wa Kikambodia, wenye tangawizi na samaki mkavu. Baba aliomba bakuli la pili, akawa anaumimina uji wangu huku na huku, bila kumwaga hata tone.

"Subiri, mwanangu, utaungua."

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba watu wanatutazama. Bibi alicheka. Tangu siku hiyo akawa analeta bakuli tupu bila kuombwa.

Safari hii nilikaa peke yangu. Bibi, mgongo umeshapinda, alinitazama sana, kisha akaleta uji unaofuka mvuke. Kando yake akaweka bakuli tupu, akageuka kuangalia mlangoni kama Baba anakuja.

Nikatikisa kichwa.

Akavuta kiti, akaketi, akaanza kunipoozea uji.