Zile Moja Saba za Mama Syokau

Mume wangu Muthama alifundisha hesabu katika shule ya Kwa Vonza miaka ishirini na sita. Kosa lililomtesa alilifanya nje ya darasa, tena kwa huruma.

Mwaka wa 1979 walimu walitumwa kuhesabu watu. Alipofika kwa Mama Syokau, mjane, akamuuliza ana watoto wangapi. Swali gani hilo! Kwetu mama hahesabu watoto wake. Akitaja idadi, anakaribisha kifo. Mama Syokau akajibu kwa desturi: "Kuna mmoja. Na mmoja. Na mmoja." Alisema hivyo mara saba. Lakini nyumbani walikuwa sita. Kiilu, kitinda mimba, alichukuliwa na mto mwezi wa Aprili, na mwili haukupatikana.

Serikali ilitaka walio hai. Muthama akaandika sita.

"Umemtoa Kiilu?" mama akauliza.

Mume wangu alifungua daftari lake mwenyewe, akapanga zile moja saba kwa mstari: 1111111. "Tazama, mama, hapa wako wote. Hii ni namba kubwa, imepita milioni, na haigawanyiki. Hakuna wa kuwatenganisha."

Mama Syokau alilia. Tangu siku hiyo, kila Jumapili nje ya kanisa, alimuuliza, "Mwalimu, bado haigawanyiki?"

"Bado, mama."

Kumbe alisema bila kuijaribu! Jioni ya siku ile ya kuhesabu aliigawanya kwa tatu, saba, kumi na moja, akaendelea hadi mia moja na kumi na tatu. Kila mara kulikuwa na baki. Akachoka, akafunga daftari.

Alipostaafu mwaka wa 1991 alilifungua tena. Asubuhi moja nilimpelekea muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, akausukuma kando.

"Muthoki, inagawanyika. Kwa mia mbili thelathini na tisa." Jibu lilikuwa 4,649. Alikuwa ameirudia mara tatu.

Nilikasirika. "Nyamaza nayo! Mama wa watu amezeeka, unamwambia ili iweje?"

Hakunisikiliza. Tulimkuta Mama Syokau akichambua pojo. Muthama alivua kofia, akamweleza yote akiwa amesimama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akauliza, "Ukigawanya hivyo, inabaki ngapi?"

"Haibaki kitu, mama. Inaingia yote."

"Kwa hivyo Kiilu hakuachwa nje."

Hapo Muthama angeitikia tu, tukaenda zetu. Lakini akasema, "Kwa namba hakuachwa, mama. Mimi ndiye niliyemwacha. Kwenye karatasi ya serikali niliandika sita."

Mama Syokau aliweka ungo chini.

"Najua, mwalimu. Kwenye daftari ulichora alama saba, lakini kwenye ile karatasi ulichora moja tu, nilikuona. Miaka kumi na miwili nakuuliza kila Jumapili, nikingoja uniambie."