Folda Iliyonianika Mbele ya Bosi

Nimejifungia chumbani huku Likombe, na sijui kesho nitaingiaje ofisini.

Mama Salome, bosi wetu, alitaka skripti, yaani faili la maagizo, ya kuunda programu yetu ya kupokelea korosho kwenye kompyuta yoyote, iwe ya Windows au Linux. Laptopu yangu ina mifumo yote miwili. Nikaijaribu kwenye Windows, ikakubali. Nikawasha Linux, ikakubali. Nikavimba kichwa! Sikufikiri, mjinga mimi, kwamba pande zote mbili zilichota mafaili kwenye folda ileile moja ya laptopu yangu, folda niliyoipa jina siku nina hasira.

Leo, mbele ya ofisi nzima, laptopu yangu sikuigusa hata kidogo. "Mama, naomba yako," nikasema kwa mbwembwe. Projekta ikawaka, nikachomeka flashi yenye skripti, nikabonyeza. Ukutani yakatokea maandishi mekundu:

Folda haipo: D:\Kazi za Bosi Mnoko

Mama Salome akavaa miwani, akayasoma kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Folda haipo, mwanangu," akasema. "Lakini bosi yupo."